UZI: Ukitafuta hospisi au tiba shufaa kwa mgonjwa wako, usitazame jengo. Uliza mambo haya

Mama_Wawili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu namwandikia yule ambaye wiki hii daktari amemwambia "mgonjwa mrudisheni nyumbani, sisi hapa tumefika mwisho". Saratani imesambaa, au ini limechoka, au moyo hausukumi tena vizuri, na kundi la ukoo la WhatsApp limejaa swali moja: tumpeleke kwa nani sasa? Wengi wakifika hapo huchagua kwa macho. Wanaenda kuangalia vitanda, vigae na bustani, wanaulizia bei, wanarudi wameridhika. Mimi nasema hayo yawe ya mwisho kabisa kuangaliwa.

Nimeuguza watu wawili hadi walipokata roho. Mama yangu mzazi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na miaka kadhaa baadaye baba yangu mdogo akapata saratani ya umio. Mama alipelekwa kituo kimoja binafsi ambacho jina lake sitalitaja, kizuri sana kwa kutazama. Baba mdogo alihudumiwa nyumbani na nesi wa hospitali ya kanisa aliyekuja kwa pikipiki na mkoba mmoja mgongoni. Baba mdogo alifariki ametulia, akiwa ameshaongea na kila mtoto wake. Mama hakupata hivyo. Ile tofauti ndiyo iliyonipeleka kwenye mafunzo ya wahudumu wa kujitolea, ndiyo iliyonifanya niwasumbue wauguzi kwa maswali, na ndiyo ninayotaka kuiweka hapa ili mwingine asiipate kwa njia niliyoipata mimi.

Tuelewane jambo moja kabla sijaenda mbali. Tiba shufaa si chumba cha kusubiria kifo, ni matibabu ya kutuliza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, na hospisi ni kituo au timu inayoyatoa. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa nesi kisha akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967 akifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yako mwilini, yako kwenye mawazo, yako kwenye familia na yako rohoni, na ukitibu upande mmoja ukaacha mingine hujatibu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma hii kwenye mifumo yao ya afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 duniani wanaihitaji, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Kwa hiyo huku kwetu ukimpata mtoa huduma utatamani unyamaze tu ushukuru. Shukuru, halafu uliza.

Anza na morfini

Usiulize "mnatibu maumivu?" Hakuna atakayekujibu hapana. Uliza hivi: "Morfini ya maji mnayo hapa leo?" Morfini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali, hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji, si dawa ya gharama kubwa, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayekujibu "tutaangalia wakati ukifika" ujue hana, na wakati ukifika atakuwa bado hana.

Kama anayo, endelea: mnaitoaje? Jibu unalolitafuta ni kwamba inatolewa kwa saa, haisubiri mgonjwa alie. Morfini ya maji nguvu yake hudumu takriban saa 4, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia mara nyingi huwa maradufu ili mgonjwa alale mpaka asubuhi. Halafu inakuwepo dozi ya akiba, ya kumpa pale maumivu yanapochomoza kabla saa haijafika. Kule alikokuwa mama walisubiri alie, ndipo mtu aende kutafuta sindano ya pethidini. Ilimtuliza muda mfupi, ikaisha, akaanza tena kulia, akasubiri tena. Zile nafasi za katikati alizitumia kuogopa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba pethidini haifai kwa maumivu ya saratani ya siku zote: haidumu, na mabaki yake hujikusanya mwilini mpaka yanaweza kumletea mgonjwa mitetemeko na hata degedege. Ukikuta mahali wanategemea pethidini na sindano za diklofenaki kwa mgonjwa wa saratani iliyosambaa, kama kuna pengine pa kwenda, nenda.

Lipo swali jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu halina jibu la kubahatisha: "Mkimwanzishia morfini, mnampa pamoja na nini?" Mwenye kazi yake atakujibu papo hapo: dawa ya kulainisha choo. Morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzoni hupungua baada ya siku chache, lakini choo hakizoei. Baba mdogo alipewa bisakodili siku ileile aliyopewa morfini, na nesi kila akija swali lake la pili baada ya salamu lilikuwa "mzee, choo umepata lini?" Mama alikaa tumbo limejaa mpaka akakataa kula, na tukaambiwa ni ugonjwa umeenda tumboni.

Kuhusu hofu ya uteja, kwa kuwa najua mtaniuliza: morfini inayopimwa kulingana na maumivu, ikaanza kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, haimfanyi mgonjwa kuwa teja wala haimharakishi kufa. Ndugu wakiwa na hofu hiyo ni jambo la kawaida, na kazi ya mtoa huduma ni kuketi nao awaeleze. Kama mtoa huduma mwenyewe ndiye mwenye hofu, mgonjwa wako ataumia.

Kisha usiku

"Saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili nikipiga simu, nani atapokea?" Usikubali jibu la "tupo muda wote". Chukua namba yenyewe. Na kabla hujamkabidhi mgonjwa, ipige hiyo namba usiku. Mimi nilifanya hivyo kwa baba mdogo, nikapokelewa na muuguzi ambaye hakukasirika hata kidogo, akaniuliza "mgonjwa yuko wapi, ana shida gani?"

Sidai kwamba lazima waje usiku. Wengi hawana gari, na barabara zetu tunazijua. Mtoa huduma mkweli atakwambia: usiku hatuji, lakini simu inapokelewa, na dawa za dharura tunakuachia nyumbani pamoja na karatasi inayoeleza mgonjwa akihema hivi mpe hiki, akichanganyikiwa mpe hiki. Huyo ni bora mara nyingi kuliko mwenye gari la wagonjwa uani na simu iliyozimwa.

Harufu

Hili halisemwi, na nasikitika halisemwi, kwa sababu ndilo linalomuua mgonjwa kabla ya kufa. Saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi zinaweza kutoa vidonda na majimaji yenye harufu kali. Mama alihamishiwa kitanda cha kona, dirisha likaachwa wazi, na wageni wakawa wanasali wamesimama mlangoni. Alikuwa anajua. Mwanamke aliyekuwa akifukiza udi nyumba nzima kila Ijumaa, alijua kwa nini watu wamesimama mlangoni.

Baadaye sana nilijifunza kwamba kuna dawa ya kawaida kabisa, ipo kila duka la dawa: vidonge vya metronidazoli, hiyo Flagyl tunayoijua, vinasagwa na unga wake kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, kwa maelekezo ya muuguzi. Harufu hupungua ndani ya siku chache. Basi muulize mtoa huduma: kidonda kikinuka mnafanyaje? Damu ikitoka nyingi mnafanyaje? Anayejua atakutajia Flagyl. Atakwambia uweke karibu kanga au taulo za rangi nzito ili damu isimtishe mgonjwa. Atakwambia pia kwamba wakati mwingine mionzi kidogo, hata ya siku moja tu, husaidia kukausha damu au kutuliza maumivu ya mifupa, kwa hiyo atampa rufaa. Kumrudisha mgonjwa hospitali kwa shabaha maalumu ni sehemu ya kazi hii.

Wanajuaje kama mgonjwa ana nafuu?

Chama cha Tiba Shufaa Afrika, APCA, ambacho makao yake yako Kampala, kina kipimo chenye maswali 10 kilichotengenezwa kwa mazingira yetu. Maswali 7 huulizwa mgonjwa, 3 huulizwa anayemuuguza, yote yanahusu siku 3 zilizopita, na majibu yanapewa alama 0 hadi 5. Mgonjwa anaulizwa kuhusu maumivu, dalili nyingine zinazomsumbua, wasiwasi juu ya ugonjwa wake, kama ameweza kumweleza ndugu au rafiki anavyojisikia, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama familia imepata msaada wa kupanga mambo ya mbele. Muuguzaji anaulizwa kama amepewa taarifa za kutosha, kama anajiamini katika kumhudumia mgonjwa, na kama ana wasiwasi.

Omba uonyeshwe wanachoandika kila wakimtembelea mgonjwa. Si lazima kiwe kipimo hichohicho. Lakini faili lenye "mgonjwa anaendelea vizuri" kila ukurasa halina maana yoyote. Kwa asiyeweza namba kuna kipimo cha mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Baba mdogo sauti ilipokata alikuwa anatuonyesha vidole, na nesi akaandika.

Mengine nayataja harakaharaka. Wanakufundisha wewe? Kumgeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgandamizo, kumsafisha kinywa, kubadilisha shuka akiwa juu yake, kumlisha bila kumpalia, na kuacha kumlazimisha kula mwili ukishakataa? Wanamuuliza mgonjwa mwenyewe anataka kujua nini kuhusu ugonjwa wake? Sisi tuna tabia ya "msimwambie mzee", na mzee anaondoka na siri za shamba na madeni yake. Nesi wa baba mdogo alimuuliza faragha, "mzee, ungependa nikueleze wewe au nimweleze mwanao?" Mzee akasema "nieleze mimi", akaita wanawe, wosia ukaandikwa. Na bei iwe kwenye karatasi, pamoja na nani analipia dawa ufadhili ukikatika.

Anayekuahidi atamponya, mwage. Hata kama anaitwa daktari.

Karibuni mchangie, hasa wauguzi na waliouguza.

---

Nesi_wa_Zamu

Asante sana dada. Mimi ni muuguzi, nimefanya kwenye timu ya tiba shufaa, naongeza kutoka upande wa ndani.

Uliza nesi mmoja ana wagonjwa wangapi wa nyumbani. Nesi anaweza kuwa hodari kuliko wote mkoani, lakini akipewa vijiji kumi na pikipiki moja isiyo na mafuta hutamwona. Uliza pia kama ana mafunzo ya tiba shufaa, au amehamishiwa tu hapo kutoka wodi nyingine. Maana ndugu wanaona sare nyeupe wanadhani sisi sote tunajua kitu kimoja.

Kuhusu morfini, msishangae mkiambiwa inafungiwa kabatini na kila tone linaandikwa kwenye rejista. Ndivyo inavyotakiwa. Mtakapoitumia nyumbani na nyie andikeni: saa, kiasi, na alivyojisikia baada ya hapo. Chupa ikibaki baada ya msiba irudisheni. Mtoa huduma asiyekuja kuulizia chupa iliyobaki nina shaka naye.

Na swali la kumuuliza kiongozi wa kituo: wahudumu wenu wakifiwa na mgonjwa waliyemzoea, mnafanya nini? Nimeona timu zinazokaa pamoja Ijumaa na kuwataja wagonjwa wote waliofariki wiki hiyo, mtu analia anaondoka mwepesi. Nimefanya pia mahali ambapo hakuna anayeuliza, na niliona wenzangu wakiwa wakali kwa wagonjwa bila kujua kwa nini.

---

Kijana_wa_Babati

Shukrani kwa uzi. Swali, mzee wangu hana saratani, figo zote zimeshindwa na amekataa kuendelea kusafishwa damu. Je hii huduma inamhusu? Na hiyo morfini?

---

Nesi_wa_Zamu

Pole sana mkuu. Inamhusu kabisa. Tiba shufaa ni kwa figo, moyo, mapafu, kiharusi, UKIMWI uliokomaa, selimundu, hata watoto waliozaliwa na matatizo makubwa. Ukifika mahali wakakwambia "sisi ni saratani tu", angalau waombe wakuelekeze kwingine.

Morfini kwa mwenye figo zilizoshindwa inataka uangalifu mkubwa, kwa sababu mabaki yake hutolewa na figo. Yakikaa mwilini mgonjwa anasinzia kupita kiasi, anashtukashtuka misuli, anachanganyikiwa. Daktari hupunguza dozi na kutanua muda, au huchagua dawa nyingine. Kwa hiyo wewe una swali lako maalumu la kumpimia mtoa huduma: "Figo za mzee hazifanyi kazi, dozi mtaipangaje?" Akikwambia ni ileile ya kila mtu, hapo pakimbie. Na muulize jinsi atakavyotibu kuwashwa ngozi na kuhema kwa shida, maana wagonjwa wa figo hayo huwatesa sana.

---

Mpwani_Likoni

Assalaam alaikum nyote, mimi naandika kutoka Mombasa.

Huku Kenya Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na hapa kwetu tuna Coast Hospice. Watu wengi bado wakisikia hospisi wanafikiria ni mahali pa kulazwa, kumbe kazi kubwa ni kliniki ya mchana na kuwafuata wagonjwa majumbani. Nyanya yangu aliuguzwa nyumbani, na ninalotaka kulitaja ni dini, kwa sababu mwandishi amelipita.

Ilikuwa karibu na Ramadhani. Nyanya akasema atafunga, dawa ataacha mchana. Sisi tukaanza kumkemea. Muuguzi aliyekuja, naye si Mwislamu, hakumkemea. Alikaa chini kwenye mkeka akamuuliza kwa nini funga hii ni muhimu kwake, akasikiliza, kisha akaomba ruhusa amwite imamu wa mtaa waongee pamoja. Imamu akamweleza ruhusa aliyopewa mgonjwa na fidia ya kulisha maskini, nyanya akaridhika, fidia ikatolewa kwa mkono wake mwenyewe. Dawa haikukatika.

Ndio nasema, muulizeni mtoa huduma: mgonjwa wetu akitaka kuelekezwa kibla, akitaka kusomewa Yasin, akitaka kutia udhu kwa maji hali ana mpira wa mkojo, mtatusaidiaje? Wenzetu Wakristo nao waulize padri ataitwa saa ngapi, maana mpako wa wagonjwa hausubiri saa za kuona wagonjwa. Mhudumu hahitaji kujua dini zote. Anahitaji kuuliza na kutotuona kero.

---

Mama_Wawili

Dadangu wa Likoni, hili ulilolileta ni kubwa, ahsante. Naliongeza kwenye maswali yangu.

---

Njia_ya_Mbarara

Nimeishi Uganda muda mrefu, mke wangu ni wa huko. Nadhani wengi hawajui kuwa jirani yetu huyu ni mfano mkubwa kwa jambo hili.

Dk. Anne Merriman, aliyefariki Mei 2025, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, baadaye wakafungua Mbarara na Hoima. Alipokuja alikuwa na mchanganyo rahisi wa morfini ya maji, na akasisitiza serikali iiagize. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika morfini wenyewe. Fikirieni maana yake kijijini: nesi anafika, anapima maumivu, anaacha dawa siku hiyohiyo. Bila sheria hiyo angerudi mjini kumtafuta daktari wa kusaini, na mgonjwa angelala na maumivu yake.

Kwa hiyo kwenye maswali ya mwandishi mimi ningeongeza: nani hasa anaandika morfini, na yuko umbali gani na mgonjwa wangu? Dawa inaweza kuwepo kabatini, anayesaini akawa semina Dodoma.

---

Mkazi_wa_Minnesota

Nami niongeze ya huku Marekani kwa ndugu wanaouguza wazazi waliowaleta, maana tupo wengi na hakuna anayetueleza kwa lugha yetu.

Huku hospisi kwa wazee hulipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali, kwa sheria ya mwaka 1982. Madaktari wanathibitisha kwamba ugonjwa ukiendelea kwa kawaida yake mgonjwa ana miezi 6 au pungufu. Sikilizeni jambo hili vizuri: kampuni inalipwa kwa siku, awe nesi amekuja au hakuja. Wapo wanaofanya kazi kwa moyo, na wapo wanaosajili wagonjwa kisha kuwatembelea kwa nadra. Mama mkwe wangu alianza na kampuni ya namna hiyo, tukaibadilisha, na kubadilisha ni haki yako.

Medicare ina tovuti iitwayo Care Compare ambako unaweza kulinganisha hospisi za eneo lako. Msiishie kwenye nyota. Tafuteni kipimo cha ziara za siku za mwisho: ni wagonjwa wangapi waliotembelewa na nesi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika angalau siku 2 kati ya 3 za mwisho za uhai wao. Kuna pia majibu ya familia zilizofiwa, zinaulizwa kama zilipata msaada wa haraka na kama maumivu yalitulizwa. Na ulizeni kuhusu mapumziko ya muuguzaji: mgonjwa anaweza kupokelewa mahali hadi siku 5 mfululizo ili wewe ulale. Wengi wa kwetu hawaombi, wanaona ni kumtupa mzazi. Ombeni. Ulizeni na mkalimani, msikubali mtoto wa miaka 12 ndiye amtafsirie bibi yake habari za kifo.

---

Mzee_wa_Kijijini

Mmeandika vizuri, ila niseme ukweli. Haya ni mambo ya watu wa mjini. Huku wilayani kwetu hakuna hospisi hata moja ya kumuuliza maswali. Kuna zahanati, nesi mmoja, panado. Mke wangu ana saratani ya titi, ametoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mwezi uliopita. Sisi tunachagua nini?

---

Mama_Wawili

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza swali ambalo lingekuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Wewe umeshika kitu kimoja ambacho wengi hawana: mke wako ameshaonwa na taasisi yenye kitengo cha tiba shufaa. Tafuta zile karatasi za kuruhusiwa, na mpigie mtu aliyeko Dar aende kitengoni na nakala. Aombe vitu vitatu. Maelezo ya maandishi ya maumivu yake yatakavyotibiwa, yenye jina la dawa na dozi. Namba ya simu ya kitengo. Na jina la hospitali ya mkoani kwako au mkoa wa jirani yenye morfini. Wakati mwingine ni hospitali ya rufaa ya mkoa, wakati mwingine ni ya misheni. Hospitali nyingi za KKKT, kanisa la Kilutheri, zimekuwa na timu za kwenda majumbani kwa miaka mingi, kule Arusha Selian ni mfano.

Halafu yule nesi mmoja wa zahanati usimdharau. Mpeleke nyumbani amwone mgonjwa, umuunganishe kwa simu na kitengo waongee wao kwa wao. Kidonda cha titi anaweza kukisafisha yeye, na hiyo Flagyl ya kunyunyiza ataipata. Nenda pia kwa mganga mkuu wa wilaya, ofisini, na karatasi mkononi, umwambie: mgonjwa huyu anahitaji morfini, nisaidie ifike. Hospitali ya wilaya isipoulizwa haiagizi.

Maswali yangu yote unaweza kumuuliza nesi wako. Ataitikia lipi, atashindwa lipi, na yale aliyoshindwa ndiyo utakayoyapigia simu Dar. Niambie uko mkoa gani na maumivu yake usiku yakoje, ana vidole vingapi. Nesi_wa_Zamu yupo humu, na kuna wengine wa kanda mbalimbali wanasoma, tutakutafutia aliye karibu.

---

Mzee_wa_Kijijini

Marahaba mwanangu. Niko Katavi. Usiku ni vidole vinne.

---

Nesi_wa_Zamu

Mzee, nimekutumia ujumbe wa faragha, una namba yangu. Nipigie sasa hivi, usisubiri asubuhi. Niambie anatumia dawa gani kwa sasa na mara ya mwisho alikunywa saa ngapi, tuone cha kufanya usiku huu, kesho niongee na nesi wako wa zahanati.